Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Mtihani wangu wa uraia wa Marekani, mwaka 2015, haukumaliza dakika kumi. Afisa aliniuliza maswali sita, nikajibu yote, akalifunga faili. Kanuni wakati huo ilikuwa maswali 10 kutoka orodha ya maswali 100, na ukipata 6 umepita, kwa hiyo ukianza vizuri hamfiki hata la saba. Nakumbuka aliniuliza bahari iliyo upande wa magharibi wa nchi, na mmoja kati ya mito miwili mirefu. Akanipa mkono. Nilipofika kwenye gari nililia mpaka mume wangu akadhani nimeanguka.

Nilikuwa namkumbuka bibi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na wazee wangu pande zote mbili ni watu wa Lamu. Nilipomaliza Kidato cha Nne na kutimiza miaka 18, mwaka 2003, tulikwenda watano wa darasa moja kuomba kitambulisho. Foleni moja, karatasi zile zile mkononi: cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha baba na cha mama. Watatu walipakwa wino vidoleni wakamaliza siku ile ile. Mimi na mwenzangu mmoja, majina yetu ya Kiislamu na mabuibui mwilini, tuliambiwa turudi siku ya vetingi.

Asiyetoka Pwani wala Kaskazini Mashariki ya Kenya huenda hajui vetingi ni kitu gani. Ni mchujo. Unaingia chumbani, unakuta meza ndefu: chifu, wazee wa mtaa, na maafisa ambao hujapata kuwaona. Kwangu wazee walikuwa watatu na maafisa wawili. Huna kitabu cha kujiandaa nacho wala orodha ya maswali, na hakuna anayekwambia ni majibu mangapi yanatosha. Wanakutazama uso kwanza, kisha ndio wanauliza.

Babu yako alizaliwa wapi? Kitambulisho chake kiko wapi? Je, cheti chake cha kuzaliwa? Babu yangu alifariki kabla mimi sijazaliwa, na alizaliwa Lamu zama ambazo mtoto aliandikwa kwenye kurasa za mwisho za msahafu wa nyumbani, kama aliandikwa popote. Afisa mmoja akaniuliza chifu wa Lamu wakati wa babu alikuwa nani. Nikamwambia nijualo, kwamba zama hizo palikuwa na Liwali, gavana wa Sultani, maana ukanda wa Pwani ulikuwa bado ukihesabiwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini nilimwona akiandika kwa kalamu nzito, nikajua nimejifunga mwenyewe kwa kutaja Zanzibar.

Kisha akasema, "Hebu niite nije hapo, kwa lugha ya kwenu."

Nikasema, "Ndoo hapa."

"Ndoo ni ya kuteka maji," akasema, akawageukia wenziwe. Mzee mmoja wa mtaa aliinamisha uso. Yeye mwenyewe husema ndoo, na mamake alisema ndoo, na hakufungua kinywa. Nina miaka mingi sasa tangu siku hiyo, na bado ninajiuliza ningemlaumu nani zaidi, aliyeuliza au aliyenyamaza. Pengine alikuwa na mtoto wake kwenye foleni.

Waliniambia nimlete bibi. Bibi akavuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi mpaka Mombasa, na mkononi ana karatasi ya ndoa aliyopewa na kadhi, ameikunja ndani ya leso. Alisimamishwa mbele ya meza ile ile. Alipoulizwa anawezaje kuthibitisha kwamba ni Mkenya, alimtazama yule afisa, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamwambia, "Hiyo bendera yenu, mwanangu, mimi nimeiona ikipandishwa."

Kitambulisho kilitoka baada ya miezi 14. Nafasi ya chuo cha ualimu niliyokuwa nimeipata ilishapita. Lakini kilichoniuma kuliko chuo ni kwamba tangu siku hiyo bibi hakutoka nje bila karatasi ile. Hata akienda dukani kununua chumvi, karatasi ya ndoa imo kwenye leso. Alikufa nayo chini ya mto.

Nimesoma sheria baadaye, nikaelewa swali la babu lilitoka wapi. Katiba ya uhuru ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja pia akawa amezaliwa Kenya, anakuwa raia tarehe 12 Desemba 1963. Kwa hiyo uraia wa baba yangu ulisimama juu ya mahali alipozaliwa babu yangu. Sawa. Lakini sheria hiyo hiyo ndiyo iliyowahusu baba za wale wanafunzi watatu waliomaliza siku ya kwanza, na hao hawakuulizwa kuhusu babu. Swali lilikuwa la kisheria. Lililowachagua wa kuulizwa lilikuwa jicho la mtu.

Marekani niliingia kwa bahati nasibu ya viza, mwaka 2009, tukafikia Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine. Baridi ya huko sina haja ya kuieleza. Bahari iko, ila ni bahari ya kijivu. Mji ule una watu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na nilipopata uraia wangu, wakaanza kunijia mmoja mmoja: dada, wewe ulisoma vipi? Mwaka 2017 tukaomba chumba kwenye ghorofa ya chini ya kanisa moja, nikawa nafundisha kila Jumamosi. Mwislamu nafundisha kanisani, na mchungaji ananiwekea chai.

Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ingawa tulikuwa tukikwama. Siku ya kwanza nilimwita mama mmoja mtu mzima "bibi" kwa heshima, darasa zima likashtuka, kwa sababu kwao Kongo bibi ni mke wa mtu. Baada ya hapo nikawa namwita mama, na yeye akiniita mwalimu.

Mama huyu alikuwa Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, mzaliwa wa milima ya Itombwe, Kivu Kusini. Upande wa pili wa chumba alikaa mzee mmoja Mbembe kutoka Fizi, aliyeishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Huko Kivu Kusini Wabembe na Wanyamulenge wamepigana miaka mingi, ndiyo maana hawa wawili hawakukaa meza moja. Sitasema walipatana, kwa sababu sikuona wakipatana. Waliamkiana, basi.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye swali la haki za raia. Mama akanyoosha mkono akaniuliza kama kwenye mtihani watamuuliza habari za baba zake. Nikamwambia hapana, katika yale maswali 100 hakuna hata moja linalouliza hivyo. Akaniomba niyapekue tena. Nikayasoma yote, moja hadi mia, kwa Kiswahili, na yeye akisikiliza kama mtu anayehesabiwa pesa zake.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mwaka 1981 Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilipitisha sheria ya uraia iliyodai mtu aonyeshe kwamba mababu zake walikuwa ndani ya mipaka ya nchi ile mwaka 1885. Huo ndio mwaka Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijitwalia nchi hiyo kuwa mali yake. Nani, kati ya wakulima na wafugaji wa milimani, ana karatasi ya mwaka 1885? Hakuna, Mbembe hana, Mnyamulenge hana. Lakini Mbembe hakuombwa. Sheria ya mwaka 2004 ilisogeza tarehe mpaka uhuru, 30 Juni 1960, lakini kwa mama huyu ilishachelewa. Alikuwa ameshakimbilia Burundi, akawa katika kambi ya Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambapo waliuawa watu zaidi ya 150. Sikuwahi kumuuliza aliona nini. Aliniambia yeye mwenyewe siku moja, kwa sentensi mbili, akaendelea na daftari lake.

Kwa hiyo tulikuwa chumbani wanawake wawili ambao wote tumewahi kuulizwa habari za babu. Tofauti ni kwamba mimi niliulizwa mezani.

Alitaka uraia kwa sababu ya binti yake aliyebaki Bujumbura. Binti ameolewa, na kwa sheria ya Marekani mwenye kadi ya ukaazi hawezi kumwombea mtoto aliyeolewa, raia ndiye anayeweza. Angengoja mpaka atimize miaka 15 ya ukaazi, umri wake ungemruhusu kufanya mtihani kwa lugha yake. Hakutaka kungoja. Ada wakati huo ilikuwa dola 725, na alizikusanya kwa kusafisha vyumba vya hoteli.

Maswali ya uraia aliyameza yote. Mjukuu wake aliyasoma kwenye simu, akayarekodi, na mama akawa anayasikiliza akitandika vitanda. Katiba imefanyiwa marekebisho mara ngapi? Ishirini na saba. Makao makuu ya jimbo letu? Augusta. Rais wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia? Alilitamka jina la Wilson vizuri kuliko mimi.

Kuandika ndiko kulikokuwa mlima. Mtihani unamtaka mtu asome sentensi moja na aandike sentensi moja kwa Kiingereza, na mama hakupata kuingia darasani maisha yake yote. Tulichagua sentensi ya kuanzia: raia wanaweza kupiga kura. Kwa Kiingereza ni maneno matatu. La kwanza lina Z, na kila mara Z yake iligeukia upande mwingine. La mwisho lina herufi nne, linaanza na V. V aliipenda. Alisema ni ndege anayeonekana kwa mbali, jinsi watoto wanavyomchora. Aliishika penseli kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko wa ugali, akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Nikamletea kalamu ya wino, ikawa afadhali. Mwezi mzima alikuwa akiandika ndege, ndege, ndege, ukurasa mzima.

Mwaka 2018 alikwenda akajibu maswali sita kwa sita, akasoma sentensi yake, akashindwa kuandika. Herufi zilimruka. Afisa, kwa maelezo yake, alikuwa mpole sana, akampangia kurudia sehemu ile tu baada ya miezi miwili na kitu. Alirudi darasani Jumamosi iliyofuata akakaa pale pale.

Mimi ndiye niliyekasirika. Nilijiuliza hiyo Z inapima nini. Mwaka huo huo taasisi moja ya elimu iliwajaribu Wamarekani kwa maswali ya mtihani wa uraia, na ni asilimia 36 tu waliofaulu. Nilipokuwa nikifanya kazi niliwauliza wenzangu, watu waliozaliwa Maine, wazazi wao waliozaliwa Maine, katiba ina marekebisho mangapi. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyefikiri kwamba kutojua huko kunampunguzia Umarekani wake. Walikuwa sahihi. Umarekani wao haukukaa kwenye namba 27. Uko kwenye jinsi wanavyomzungumzia jirani aliyekufa, wanavyojua theluji ya leo italala au itayeyuka, timu wanayoililia. Hayo huwezi kuyauliza kwa dakika kumi, na ukiyauliza, utamfelisha mzaliwa na kumpitisha mpita njia.

Aliyenifanya nifikiri vingine ni bibi mmoja mweusi niliyekuwa nikimhudumia katika kazi yangu ya kutunza wazee. Asili yake Mississippi, alikuja Maine kumfuata mwanawe. Nilipomweleza juu ya mama yangu wa Z, alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia jinsi mamake mzazi alivyokwenda kujiandikisha kupiga kura. Mississippi wakati huo mwombaji alipewa kifungu cha katiba ya jimbo, akinakili, kisha akieleze maana yake. Katiba ile ilikuwa na vifungu 285. Karani ndiye anayechagua kifungu, na karani huyo huyo ndiye anayeamua kama maelezo yametosha. Mzungu alipewa kifungu cha mstari mmoja. Mamake, mwalimu wa shule, alipewa kifungu cha kodi ambacho wakili angekitokea jasho, akaambiwa hakueleza vya kutosha. Mpaka ilipokuja sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ndipo mitihani hiyo ikaanza kuondolewa.

Yule karani nilimtambua. Alikuwa ameketi mbele yangu Mombasa mwaka 2003.

Tangu hapo nimeacha kuuliza kama mtihani unaweza kupima utaifa. Hauwezi, na sijakutana na mtu aliyewahi kuukaribia ambaye anaamini unaweza. Ninachouliza ni mtihani wenyewe unadai kupima nini, na nani ameshika kalamu. Ule wa Portland ulidai kidogo: majibu haya, sentensi hii, kwa kila mtu, na maswali unayajua tangu mwanzo. Ni mtihani wa kumbukumbu na wa Kiingereza. Unamwonea asiyesoma, na hilo nitalisema kila mahali, maana nimeona kwa macho yangu mwanamke mwenye akili akiumizwa na herufi moja. Lakini ukishindwa, unajua ulichoshindwa. Unaweza kurudi nyumbani ukaifanyia kazi Z. Vetingi ilidai kujua mimi ni nani. Ningekwenda nyumbani nikafanyie kazi nini? Uso wangu? Babu yangu?

Nyumbani mambo yamesogea, na nafurahi kusema hivyo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji na Tanganyika kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge, walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, wakapewa. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa mwaka 2023. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tamko la kufuta mchujo ule kwa watu wa kaunti za mipakani. Wapo waliolalamika kwamba sasa wageni watajipenyeza. Mimi nawauliza, mlipokuwa mkiwauliza wanafunzi wa Lamu namna ya kusema "njoo," mlimkamata mgeni gani?

Marekani nako wamegeuza. Aliyeomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anakabili orodha ya maswali 128, anaulizwa hadi 20, na sharti apate 12. Darasa letu limeongezewa Jumamosi nne, ndiyo tofauti niliyoiona hadi sasa. Wazee wanaumia zaidi, vijana wanasikiliza simu zao muda mrefu zaidi. Ninachokiogopa si wingi wa maswali. Nitaogopa siku maswali yatakapoanza kumchungulia mtu moyoni, kwa sababu siku hiyo jibu halitakuwa kwenye kitabu, litakuwa kwenye jicho la afisa.

Nirudi kwa mama. Alifanya mtihani wa kuandika mara ya pili, na sentensi aliyopewa haikuwa ya kura, ilikuwa ya kodi. Alikuwa ameshaizoea kalamu, akaiandika. Siku ya kiapo alivaa kitenge cha njano. Kiapo kinamtaka mtu aukane utii wake kwa dola yoyote ya kigeni, na tulipokuwa tukiyapitia maneno yake kabla hatujaingia, aliniuliza, "Mwalimu, mimi nakana nini?" Mimi katiba ya Kenya ya 2010 inaniruhusu kubaki na uraia wangu wa kuzaliwa, kwa hiyo bado ninao, kitambulisho cha miezi 14 bado kipo kwenye droo. Yeye hakuwa na nchi iliyowahi kumwandika. Nikamwambia ayaseme tu maneno, mama. Akayasema.

Novemba 2018 alinipigia simu nimsindikize kupiga kura. Tulikwenda alasiri, ukumbi wa michezo wa shule, viatu vyetu vimelowa theluji ya kwanza. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake nikaona cheti cha uraia, kadi yake ya zamani ya ukaazi, karatasi za kambi, picha za wazazi wake. Nikamwambia havitahitajika. Hakuuachia.

Mama wa makamo nyuma ya meza alimuuliza jina lake na mahali anapokaa. Mama akajibu. Yule mwanamke akalitafuta jina kwenye orodha, akapiga mstari kwa wino mwekundu, akampa karatasi ya kura.

Mama alibaki amesimama. Watu nyuma yetu wakawa wanangoja. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Haulizi kingine?"

"Haulizi kingine, mama."

Akaangalia mfuko wake, akaangalia ile karatasi. Kisha akanipa mimi mfuko niushike, akaenda kwenye kibanda cha kura.